Kizimba cha mjusi-ndevu

Kizimba cha mjusi-ndevu ni makazi yanayotengenezwa kwa ajili ya mjusi-ndevu anayefugwa nyumbani. Kwa kawaida ni sanduku la mbao, plastiki au kioo lenye taa ya kuota joto, taa ya mionzi ya urujuanimno, mahali pa kupanda na mahali pa kujificha. Spishi inayofugwa zaidi ni mjusi-ndevu wa bara (Pogona vitticeps), reptilia wa maeneo makavu ya Australia.

Mjusi huyu hupata joto la mwili kutoka nje, na mifupa yake huhitaji mwanga wenye mionzi ya jua ili ikue vizuri. Kwa hiyo ubora wa kizimba huamua kwa kiasi kikubwa kama mjusi mdogo atakua au atakufa. Makosa ya joto na mwanga hayaonekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya wiki au miezi, wakati mifupa imeshalainika na tiba imekuwa ngumu.

Asili na uainishaji

Mijusi-ndevu ni mijusi wa jenasi Pogona katika familia Agamidae. Jenasi hii ilianzishwa na mtaalamu wa reptilia Glen Storr mwaka 1982. Spishi Pogona vitticeps ilielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Ernst Ahl mwaka 1926. Jina la “ndevu” linatokana na magamba yenye ncha chini ya koo. Mjusi akitishwa, au akitaka kumtisha mwingine, huivimbisha koo yake na kuifanya nyeusi.

Katika Afrika ya Mashariki familia ya Agamidae inawakilishwa na mijusi wanaoonekana mara nyingi juu ya miamba na kuta, ambao madume yao huwa na vichwa vyekundu au vya waridi, kama vile Agama lionotus na Agama mwanzae. Hao pia huota jua asubuhi na kutikisa vichwa, lakini hawana ndevu.

Mjusi-ndevu wa bara huishi katika nusu-jangwa, vichaka na misitu mikavu ya ndani ya mashariki na katikati ya Australia. Hupenda kukaa juu ya mawe, magogo, matawi na nguzo za uzio ili kuota jua na kutazama eneo lake. Jua likizidi huingia kivulini au ndani ya shimo. Huo mwendo wa kwenda na kurudi kati ya jua na kivuli ndio msingi wa kizimba chochote kizuri.

Sheria za Australia haziruhusu kusafirisha wanyamapori hai wa asili nje ya nchi kwa biashara. Mijusi-ndevu wanaouzwa Ulaya, Marekani na kwingineko ni vizazi vya wanyama waliozaliwa katika ufugaji. Ndani ya Australia kwenyewe, majimbo mengi humtaka mfugaji awe na leseni.

Ukuaji wa mjusi mdogo

Mtoto wa mjusi-ndevu akitoka yaini huwa na urefu wa takriban sm 10 pamoja na mkia. Mtu mzima hufikia sm 40 hadi 60. Sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika mwaka wa kwanza, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 10 hadi 15. Kwa sababu hukua haraka, mjusi mdogo hudhurika upesi kuliko mkubwa anapokosa kalsiamu, mionzi au joto. Mwili wake mdogo pia hupoteza maji haraka, na hana akiba kubwa ya mafuta.

Ukubwa na umbo la kizimba

Kwa mjusi mkubwa mmoja, kipimo cha chini kinachopendekezwa na wafugaji wengi ni urefu wa sm 120, upana wa sm 60 na kimo cha sm 60. Mjusi mdogo anaweza kuanza katika kizimba cha urefu wa sm 60 hadi 90, kisha akahamishwa anapokua. Kizimba kidogo mno kina hatari yake: taa hupasha joto kila pembe na mjusi hukosa mahali pa kupoa.

Kumweka mjusi mdogo tangu mwanzo katika kizimba cha mtu mzima pia kunawezekana. Katika hali hiyo inafaa kuongeza mahali pa kujificha na kumpa wadudu ndani ya bakuli au kwa koleo, ili wasitawanyike na kupotea.

Vifaa vinavyotumika ni vya aina tatu. Mbao hutunza joto vizuri, lakini lazima ipakwe rangi au vanishi isiyo na sumu na kuachwa ikauke kabisa hadi harufu iishe. Plastiki ngumu ni nyepesi na huoshwa kwa urahisi. Kioo huruhusu kuona ndani, lakini hupoteza joto na mara nyingine humwonyesha mjusi taswira yake, naye akadhani ni mpinzani. Kufunika pande tatu kwa karatasi humtuliza. Kizimba cha waya mtupu hakifai ndani ya nyumba, kwa sababu hakishiki joto na waya huweza kuumiza vidole na pua.

Matundu ya hewa huwekwa chini upande wa baridi na juu upande wa joto, ili hewa izunguke. Mlango huwa na kufuli au komeo. Mlango wa mbele ni bora kuliko wa juu. Mjusi-ndevu ana kiungo kinachohisi mwanga juu ya kichwa, kinachoitwa jicho la tatu, na hushtushwa na kivuli kinachotoka juu kama cha ndege mwindaji. Mkono unaotokea mbele au ubavuni humtisha kidogo zaidi.

Joto

Kizimba hugawanywa katika upande wa joto na upande wa baridi. Mjusi huchagua mwenyewe mahali pa kukaa, na kwa njia hiyo huweka mwili wake karibu na sentigredi 35. Asipopata joto la kutosha hawezi kumeng'enya chakula, ambacho huweza kubaki tumboni na kuoza. Asipopata mahali pa kupoa huweza kufa kwa joto katika muda mfupi.

Vipimo vinavyotumika kwa mjusi mdogo ni hivi:

- Uso wa mahali pa kuota joto: sentigredi 40 hadi 43
- Upande wa baridi, mchana: sentigredi 24 hadi 28
- Usiku: sentigredi 18 hadi 24
- Unyevu wa hewa: asilimia 30 hadi 40
- Muda wa mwanga: saa 12 hadi 14 kwa siku

Chanzo cha joto cha mchana ni balbu ya halojeni au balbu nyingine inayotoa mwanga mweupe pamoja na joto. Nguvu yake hutegemea ukubwa wa kizimba na joto la chumba. Mara nyingi wati 50 hadi 100 hutosha. Balbu huwekwa juu ya jiwe bapa au tawi nene, na huzungushiwa kinga ya waya ikiwa iko ndani ya kizimba, maana mjusi mdogo huruka na kung'ang'ania chochote kilicho karibu.

Usiku taa zote huzimwa. Kipasha joto cha ziada huhitajika tu pale chumba kinaposhuka chini ya sentigredi 18, na hapo hutumika kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga. Balbu nyekundu au za buluu hazifai usiku kwa sababu mjusi huona mwanga wake na kukosa usingizi.

Mawe ya umeme yanayopasha joto kutoka chini yamesababisha majeraha mengi ya kuungua kwa reptilia. Katika maumbile mjusi hupata joto kutoka juu, yaani kwenye jua, na hatambui haraka kwamba tumbo lake linaungua.

Joto hupimwa, halikadiriwi kwa mkono. Vipimajoto viwili vya dijitali huwekwa, kimoja kila upande, na uso wa mahali pa kuota hupimwa kwa kipimajoto cha miale. Vipimajoto vya kubandika kwenye kioo hupima joto la kioo tu. Kidhibiti joto huunganishwa na balbu ili kupunguza umeme joto linapozidi, na saa ya umeme huwasha na kuzima taa kwa wakati uleule kila siku.

Umeme ukikatika kwa saa chache, mjusi mwenye afya huvumilia baridi ya kawaida ya chumba. Hata hivyo halishwi mpaka joto lirudi.

Mionzi ya urujuanimno

Mwanga wa jua una mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho la binadamu. Sehemu yake iitwayo UVB huingia kwenye ngozi ya mjusi na kuanzisha utengenezaji wa vitamini D3. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, hata kama chakula kina kalsiamu nyingi. Mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka mifupani, na matokeo yake ni ugonjwa wa kulainika mifupa, unaofanana na matege ya watoto.

Dirisha halitatui tatizo hili, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. Kuweka kizimba cha kioo juani ni hatari zaidi: UVB haipiti vya kutosha, lakini joto huingia na kukusanyika mpaka mjusi anakufa.

Taa inayofaa ni taa ndefu ya tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya reptilia wa jangwani, yenye kiwango cha UVB cha asilimia 10 hadi 12. Hufunika karibu nusu au theluthi mbili ya urefu wa kizimba kuanzia upande wa joto, ili mwanga na joto vipatikane mahali pamoja na kivuli kibaki upande wa pili. Balbu fupi za kuzungusha hutoa mionzi katika eneo dogo na hazitoshi kwa kizimba kikubwa.

Mwaka 2010 mtafiti Gary Ferguson na wenzake walichapisha mfumo wa kugawa reptilia katika kanda nne kulingana na mionzi wanayopata porini. Mjusi-ndevu huwekwa katika kanda ya tatu, ya wanyama wanaoota jua waziwazi kwa sehemu ya siku. Kwa msingi huo fahirisi ya UV ya 3 hadi 5 mahali pa kuota huchukuliwa kuwa inafaa. Fahirisi hii hupimwa kwa kifaa maalumu. Pasipo kifaa, hufuatwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji wa taa, ambao kwa taa zenye nguvu mara nyingi ni sm 30 hadi 45. Wavu wa waya kati ya taa na mjusi hupunguza mionzi, wakati mwingine kwa theluthi moja au zaidi, hivyo umbali hurekebishwa. Taa iliyo karibu mno huweza kuumiza macho na ngozi.

Uwezo wa taa kutoa UVB hupungua kabla mwanga wake unaoonekana haujapungua. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka. Tarehe ya kuiwasha kwa mara ya kwanza huandikwa kwenye kishikizo chake.

Sakafu na vifaa vya ndani

Kwa mjusi mdogo sakafu bora ni ile isiyomezeka: karatasi laini za jikoni, magazeti au vigae visivyoteleza. Karatasi hubadilishwa kila inapochafuka, na humwezesha mfugaji kuona kinyesi, ambacho ni dalili ya kwanza ya afya. Vigae vya mawe hupunguza pia urefu wa kucha.

Mchanga mkavu wa dukani, mchanga wa kalsiamu na maganda ya jozi yaliyosagwa hayashauriwi. Mjusi mdogo hurusha ulimi kila mahali na humeza chembe pamoja na wadudu. Zikijikusanya huziba utumbo. Hatari huongezeka iwapo mjusi ana joto dogo, amekosa maji au mifupa yake ni dhaifu.

Ndani ya kizimba huwekwa:

- Tawi nene au jiwe bapa chini ya taa, lililoimarishwa lisianguke. Mawe mazito hukaa moja kwa moja juu ya sakafu.
- Mahali pa kujificha upande wa baridi, na ikiwezekana pengine upande wa joto.
- Bakuli fupi la maji lisiloweza kumzamisha mjusi mdogo.
- Bakuli la mboga na bakuli laini la wadudu.

Mbao zenye utomvu mwingi wenye harufu, kama za misonobari na mierezi, huepukwa.

Mjusi mmoja, kizimba kimoja

Watoto wa mijusi-ndevu huonekana wakilala mmoja juu ya mwingine dukani, na wanunuzi wengi hudhani ni upendo. Kwa kawaida wanagombea mahali penye joto, na yule wa juu ndiye anayepata mionzi. Mijusi wadogo wanaofugwa pamoja hung'atana vidole na mikia, na mkia wa mjusi-ndevu ukikatika hauoti tena. Aliye dhaifu hula kidogo, hudumaa na hatimaye hufa bila kupigana hata mara moja. Madume wakubwa hupigana waziwazi, na dume huweza kumchosha jike kwa kumpanda mara kwa mara. Spishi hii haihitaji mwenza.

Chakula na maji

Mjusi mdogo hula zaidi wadudu, mara 2 hadi 3 kwa siku, kiasi anachoweza kumaliza kwa dakika 10 hadi 15. Mdudu hapaswi kuwa mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Nyenje, mende wa kufugwa, nzige wadogo na mabuu ya nzi askari mweusi (Hermetia illucens) hutumika. Mabuu hayo huzalishwa pia Kenya, Uganda na Tanzania kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, na yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine wengi wa kulisha.

Nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kwa sababu hiyo hulishwa mboga bora siku moja kabla, kisha hupakwa unga wa kalsiamu usio na fosforasi. Wadudu waliobaki huondolewa kabla ya usiku, kwa kuwa nyenje wenye njaa humng'ata mjusi aliyelala.

Mboga zilizokatwa vipande vidogo huwekwa kila siku ingawa mjusi mdogo huzipuuza mara nyingi, ili azizoee. Sukuma wiki na boga hufaa. Mchicha na spinachi zina oksalati zinazozuia kalsiamu kufyonzwa, hivyo haziwi chakula cha kila siku. Parachichi ni sumu.

Vimulimuli ni hatari kuliko vyote. Mwilini mwao mna sumu inayoitwa lusibufajini inayodhuru moyo, na mjusi-ndevu amewahi kufa baada ya kumeza mmoja tu. Wadudu wanaokamatwa porini pia huweza kuwa na viuatilifu au minyoo.

Usafi na afya ya binadamu

Reptilia wengi wenye afya hubeba bakteria za Salmonella utumboni. Mlipuko wa Salmonella ya aina ya Cotham uliochunguzwa Marekani hadi mwaka 2014 ulihusishwa na mijusi-ndevu waliofugwa nyumbani, na wagonjwa wengi walikuwa watoto wadogo. Kwa hiyo mikono huoshwa kwa sabuni kila baada ya kumshika mjusi au kugusa kizimba. Vyombo vyake haviwi vya jikoni wala havioshwi kwenye sinki la vyombo vya chakula. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na watu wenye kinga dhaifu hushauriwa kutomshika.

Kinyesi huondolewa kila siku, maji hubadilishwa kila siku, na kizimba chote husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu mara kwa mara kisha kusuuzwa na kukaushwa kabla ya mjusi kurudishwa.

Mjusi mpya na dalili za hatari

Kizimba huwashwa siku 1 au 2 kabla ya mjusi kufika, ili joto lipimwe na kurekebishwa kikiwa kitupu. Siku za kwanza mjusi huachwa atulie, na kula kidogo si ajabu. Ikiwa nyumbani kuna mijusi wengine, mgeni hutengwa katika chumba kingine na kinyesi chake hupimwa. Vimelea vya koksidia huenea kwa urahisi, na virusi vya adeno vya mijusi hawa havina tiba.

Dalili zifuatazo huhitaji daktari wa wanyama bila kuchelewa:

- Kutetemeka kwa vidole au miguu, taya laini au lililovimba, miguu iliyopinda
- Kushindwa kuinua tumbo anapotembea
- Macho yaliyozama, au kufumba macho chini ya taa
- Kupumua kwa mdomo wazi akiwa upande wa baridi, au kutoa mapovu puani
- Kutokula kwa siku kadhaa pamoja na kukonda

Kufungua mdomo chini ya taa ya kuota si ugonjwa. Ni njia ya mjusi ya kupunguza joto. Kupunga mkono polepole ni ishara ya kujisalimisha mbele ya aliye mkubwa. Mjusi mdogo hujivua ngozi mara nyingi, nayo haivutwi kwa nguvu. Hata hivyo, ngozi iliyobaki vidoleni au kwenye ncha ya mkia huweza kukaza na kuzuia damu, hivyo hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu.

Ugonjwa wa kulainika mifupa ukigunduliwa mapema unaweza kusimamishwa kwa kalsiamu, taa sahihi na matibabu. Mifupa iliyokwisha kupinda mara nyingi hairudi katika umbo lake la awali.